UZI: Gemu la kutisha la kiapo na kuungama, namna ya kumtoa mchezaji jasho bila kumletea mzimu hata mmoja

Mla Yamini:

Wakuu habari za usiku.

Kuna wadau wameniuliza pembeni kuhusu lile gemu letu la wikiendi, lile la kukaa watu wanne watano, kila mtu anabeba mhusika wake na mmoja anasimulia, hakuna bodi wala karata, ni maneno na vikaratasi tu. Haya magemu ya mezani wengi mnayafahamu, yalishika kasi Marekani na Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, watu wanapigana na madubwana wanarusha dadu. Sisi hatupigani na dubwana lolote. Tumejikuta kila tukikaa tunaangukia mada ileile, mtu ana jambo lake kalificha, kuna hukumu inakuja kutoka kusikoonekana, na bado ana muda wa kusema kabla haijafika.

Sasa visa vingi ninavyoviona vinazunguka mtandaoni vimekopiwa kwenye muvi bila hata kufuta vumbi. Kanisa la zamani, padri mwenye siri, binti kapandisha mashetani, kioo kinapasuka. Mmekaa Mbagala umeme umekata, afu msimuliaji anakuletea mnara wa kengele na theluji. Nani ataogopa hapo? Watu wanachati tu.

Msimamo wangu ni huu na nitaubishania mpaka alfajiri: kwenye kisa cha hukumu, kumuonyesha hakimu ndiko kunakoua hofu. Mchezaji akishajua anahukumiwa na jini mwenye kwato basi umemuokoa, ataanza kutafuta mganga, atauliza chumvi iko wapi, atakimbia. Kinachomkaanga mtu ni kujua kwamba ameitwa, na hajui ameitiwa lipi kati ya aliyoyafanya.

Chukueni Albadiri. Pwani nzima na bara pia habari yake inajulikana. Mali imepotea, watu wameulizana wamechoka, linatoka tangazo kwamba aliyechukua arudishe kabla ya Ijumaa, ikishapita hapo tunasoma. Yanayosomwa ni majina ya wale waliopigana vita vya Badri mwaka wa pili wa Hijria, yaani 624, na hesabu inayotajwa zaidi ni watu 313. Ila angalia kazi inafanyika wapi. Hakijasomwa kitu bado! Ni Jumanne tu hii. Lakini mtaa mzima umeshabadilika, jamaa mmoja ghafla ana safari ya shamba, mwingine anacheka kupita kiasi, na asubuhi mnakuta begi limetupwa uani. Na utamu wa hizi hadithi za mtaani ni kwamba halirudi begi peke yake, kuna mtu analeta sufuria aliyoazima tangu mwaka juzi, kuna mtu analipa deni ambalo mwenye kudai alishasahau. Hao hakuna aliyewatangazia. Wamejitangazia wenyewe.

Hapo ndipo gemu langu linaposimama. Msimuliaji anatangaza kwamba kuna kosa limetendeka na siku ya tatu litajibiwa. Hasemi kosa gani. Hasemi la nani. Kila mchezaji ana mhusika mwenye makosa yake aliyoyaandika mwenyewe kwenye karatasi, hakuna mchezaji mwingine aliyeyaona, na kuanzia hapo mimi kazi yangu ni kuwapa dalili ndogondogo tu, kila mtu yake, halafu nanyamaza.

Mfano wa dalili, hii nimeitumia:

"Umeamka saa tisa usiku, kinywa kikavu. Umeenda kwenye mtungi umekunywa, maji yameshuka vizuri tu. Wakati unarudi umeona kandambili zako mlangoni, ulizivua zikitazama ndani, sasa zinatazama nje. Mkeo kalala. Unafanyaje?"

Hakuna damu, hakuna sauti ya kishetani. Mchezaji akaniuliza "zimegeuzwa na nani?" Nikamwambia wewe ndio upo hapo, mimi sipo. Nusu saa nzima mtu mzima na ndevu zake anahojiana na mke wa kufikirika kuhusu kandambili.

Nitaendelea na kanuni, ngoja kwanza nisikie michango.

Nipo Pembeni:

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mkuu endelea, ila hiyo ya kandambili ungeandika mchana.

Mtu wa Ganze:

Mleta uzi umenena, ila umeishia Albadiri na Kilifi huku kuna mambo makubwa zaidi. Sisi Mijikenda tuna viraho, yaani viapo vya kumpima mshukiwa. Kile cha shoka, kiraho cha tsoka, shoka linachomwa mpaka linakuwa jekundu halafu mwenye kuendesha kiapo analipitisha kwenye kiganja cha mshukiwa huku anatamka maneno yake, asiyekuwa na kosa haungui. Kuna cha sindano ya moto kwenye mdomo, kuna cha chungu, unatia mkono kwenye maji yanayochemka utoe jiwe. Wamisionari waliokaa Rabai na Ribe waliyaandika haya tangu karne ya 19, Charles New kitabu chake kilitoka 1873. Na siku hizi wengi wanakijua zaidi cha papai, mnakaa msururu kila mmoja anapewa kipande chake cha papai lililotiwa dawa, aliye safi anameza anaondoka zake, mwenye lake linamkaba au mdomo unamvimba.

Sasa kwa gemu lako mimi ningeweka papai na sio shoka. Shoka linatisha wote sawa, hata asiye na kosa anaogopa moto. Lakini papai! Papai kila mtu amelila tangu mdogo. Uwe umekaa wa nne kwenye msururu, wa kwanza kameza, wa pili kameza, wa tatu kameza, na wewe unasikia mate yamekauka ghafla, na unajua kabisa hukuiba ile mbuzi, ila kuna jambo lingine wewe unalijua. Je, hilo papai linauliza habari ya mbuzi tu, au linauliza yote?

Mla Yamini:

@Mtu wa Ganze kaka hiyo sentensi ya mwisho naiba, naenda kuifanya kisa cha wiki ijayo, na wala usinisomee kitu.

Sindano Butu:

Naongezea kwa jicho la dawa maana ndiyo kazi yangu. Hilo la mate kukauka ni la kweli kabisa kimwili, mtu akiogopa mate yanapungua. Ndiyo maana utakuta mitihani ya namna hii sehemu zisizojuana kabisa. India na Asia kwingine mshukiwa alitafunishwa mchele mkavu kisha auteme, ukitoka mkavu ana lake. Uingereza ya zamani walikuwa na mkate na jibini, ukikukaba umekwisha. Hakimu ni koo lako mwenyewe.

Lakini iliyonishangaza ni Calabar, Nigeria. Waefik walikuwa na mbegu inaitwa esere, sumu hasa, mshukiwa anapewa kama kinywaji. Akitapika, mzima na hana kosa. Asipotapika anakufa na kosa lake. Na maelezo yanayotolewa ni kwamba asiye na hatia anaamini kinywaji hakitamfanya kitu, anakipiga mkupuo mmoja, tumbo linashtuka linarudisha. Mwenye hatia anasitasita, anakunywa kidogokidogo, sumu inapata nafasi ya kuingia taratibu. Yaani woga wake ndio unampimia dozi. Mwaka 1855 profesa mmoja wa sumu wa Edinburgh, Robert Christison, akala kiasi cha ile mbegu yeye mwenyewe aone, hali ikawa mbaya mpaka akabugia maji aliyonyolea ndevu ili atapike. Alipona. Na mwaka 1864 wakatenga kiini chake, physostigmine, ikaja kuwa dawa ya presha ya macho. Hakimu wa Calabar akaishia kwenye kichupa cha hospitali.

Nipo Pembeni:

Maji ya kunyolea ndevu 😂😂 msomi huyo.

Mla Yamini:

@Sindano Butu umenirahisishia, maana kanuni zangu zimetoka kwa ndugu wa hiyo esere, Madagaska. Kule walikuwa na tangena, kokwa ya sumu inakunwa, lakini kabla hujainywa unamezeshwa vipande vitatu vya ngozi ya kuku. Kisha unatapika. Watu wanakuja kuhesabu. Vikitoka vyote vitatu huna kosa. Vikitoka viwili, basi wewe ndiye. Wakati wa malkia Ranavalona wa kwanza ulitumika sana na uliua watu wengi mno, ukaja kufutwa 1863 chini ya Radama wa pili.

Nilipolisoma hili la ngozi tatu niliacha kila nilichokuwa natunga. Kwa hiyo kwenye gemu kila mchezaji anaandika vikaratasi vitatu, siri tatu za mhusika wake. Moja ndogo ya aibu tu, moja ya kumuumiza mtu, na moja ambayo mhusika hajawahi kuisema hata peke yake chumbani. Vinakunjwa vinabaki mkononi. Kuna usiku tatu. Kila usiku yeyote anaweza kusimama mbele ya wenzake akaungama kimoja, anakisoma kwa sauti ya mhusika wake, na kinawekwa kwenye sahani katikati. Mpaka usiku wa tatu unaisha, mwenye sahani tupu na mwenye kutoa kimoja wana nafasi yao ya kubahatisha, naweza nikawaacha. Aliyetoa vyote vitatu yuko huru. Aliyetoa viwili akabakiza kimoja, huyo hana pa kukimbilia.

Watu wanaishangaa hiyo kanuni mara ya kwanza. Wanasema si haki, mtu kajitahidi viwili! Ndiyo. Na ndiyo inayowafanya wote wakae kimya usiku wa kwanza, kwa sababu kuanza kusema ni kujifunga umalizie.

Na kuungama kuna gharama ndani ya kisa, sio bure. Siri zenu lazima zigusane, mimi huwa nawaambia kabla, siri ya pili ya kila mtu imhusu mtu mwingine aliyekaa hapo. Kwa hiyo Juma akisema lake, kamtaja mke wa Hamisi. Hamisi alikuwa ametulia. Sasa hajatulia.

Kuhusu siku tatu, hizo nazo hazikuja hivihivi. Ulaya zamani mshukiwa alibeba chuma cha moto, anafungwa bandeji, na baada ya siku tatu bandeji inafunguliwa, kidonda kikiwa kimetunga usaha amepatikana. Kuna daftari la mji wa Várad, Hungaria wakati ule, la kati ya 1208 na 1235, katika kesi 208 zilizofika mwisho watu 130 walitoka salama. Walioshika chuma cha moto! Kuna wanaosema mapadri walikipoza makusudi maana aliyekubali kukishika alishajionyesha mkweli. Mimi ninachokitaka pale ni zile siku tatu za bandeji tu. Mkono wako unajua jibu, wewe hulijui, na unakula nao ugali.

Bint Chake:

Mleta uzi samahani, mimi nitakupinga kidogo. Albadiri sio mchezo. Kuna watu wanaamini na kuna masheikh wanaipinga kabisa wanasema ni uzushi na kuwaombea watu maangamizi si katika dini, lakini wote hao hakuna anayekwambia ukaigize sebuleni na soda. Majina yale ni ya masahaba. Nyumbani kwetu Pemba bibi angesikia mnatamka yale kwa utani asingewapigia kelele, angenyanyuka tu aende zake, na nyie mngejua mmefanya nini.

Kingine, mnavyosema "mwenye hatia linamkaba", je asiyekuwa na hatia likimkaba? Maana hofu anayo kila mtu. Mimi nikisimamishwa mbele ya askari bila kosa lolote natetemeka.

Mla Yamini:

Bibie la kwanza nimelipokea wala sina ubishi, na ndivyo tunavyofanya, hatusomi kitu wala hatutaji majina, kwenye kisa tunasema tu "siku ya tatu litajibiwa" na hakuna dini ya mtu inayoguswa. Mtungaji mzuri hahitaji kuazima kitu kitakatifu, atazame tu lile tangazo lilivyofanya kazi Jumanne.

La pili ndilo tamu zaidi ya yote, na ndiyo sababu dalili nazigawa sawa kwa wote. Mwenye siri ya mauaji na mwenye siri ya kuiba sukari ya mama yake, wote koo linakauka. Hapo ndipo kisa kinapokuwa cha kutisha kweli, kwa sababu mtu anaanza kujihukumu kwa dalili badala ya kosa.

Nikupe mfano wa mwezi uliopita. Kisa kilikuwa kijiji cha wavuvi, mashua imerudi na watu pungufu. Wachezaji wanne. Usiku wa pili ikawa nzito, kila mtu kamshuku mwenzake, mmoja mhusika wake fundi wa mashua akasimama akasema mimi ndiye niliyekata kamba. Kimya. Akaelezea kila kitu, kisu, mwezi, alivyorudi nyumbani akala wali. Wenzake wakashusha pumzi, mmoja akaanza hata kumlilia. Mimi natazama vikaratasi vyake, havijapungua, vitatu viko mkononi vilevile. Hajaungama lolote lake, kachukua kosa ambalo halipo kwenye karatasi ya mtu yeyote ili usiku uishe, amechoka kusubiri.

Sasa msimuliaji wa kawaida angewaambia. Mimi sikusema kitu. Nilisimulia kumekucha, wanawake wanakwenda kisimani, na mtoto wa huyo fundi anamuuliza baba, jana usiku ulikuwa unaongea na nani nje? Nikahamia kwa mchezaji anayefuata. Yule jamaa alivyoniangalia! Kanuni hapa ni moja tu, msimuliaji hathibitishi. Sio wakati wa gemu, sio baada ya gemu, hata mkinunulia mishikaki.

Mgalatia:

Mimi Mkatoliki na niseme kitu kuhusu hayo ya Ulaya maana yanaingia humu humu. Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, mwaka 1215, ndio uliowakataza mapadri kubariki hiyo mitihani ya chuma cha moto na maji. Bila padri haina nguvu, Uingereza kufika 1219 majaji wakaambiwa waache, wakaanza kuegemea baraza la wazee wa kiapo. Na mtaguso huohuo, mwaka huohuo, ndio ulioagiza kila muumini aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo wameondoa chuma mkononi wakaweka kitubio masikioni, ndani ya kikao kimoja. Ukitaka kisa chako, kiweke hapo. Padri wa kijiji mwaka 1216, jana alikuwa anabariki chuma, leo anasikiliza maungamo, na anayekuja kupiga magoti ni ndugu wa yule aliyeungua mwaka jana. Padri anasikia kwamba aliyeungua hakuwa mkosaji. Na siri ya kitubio haisemwi. Huyo padri nani atamsikiliza?

Nipo Pembeni:

Mgalatia wewe ulikuwa wapi siku zote 🙌

Mla Yamini:

Hii nilikuwa nimeikataa mwanzo wa uzi, padri mwenye siri, na sasa naitaka. Ila tofauti ipo, huyu hana pepo wa kumfukuza.

Mwana Ujiji:

Naomba niweke maji baridi kidogo. Huku Kigoma, Katavi na Rukwa kamchape, wale wasaka wachawi, sio hadithi ya sebuleni. Ule mchapi, msako wa wachawi ulioenea kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) miaka ya 1930 mpaka ukaingia Ufipa haujafa, kila baada ya muda kinazuka kikundi kinaingia kijijini, kinanyooshea watu vidole, nyumba zinachimbwa, mzee anatolewa nje mbele ya wajukuu zake akiri. Na anakiri! Anakiri kwa sababu akikataa ni mbaya zaidi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 inayokataza kumtuhumu mtu, na bado. Sasa nyie mnavyosema kuungama kunaweka huru, kuna watu kukiri ndiko kulikowafanya wahame kijiji.

Sikatai gemu. Nasema tu msiweke kisa ambacho mganga anakuja anapatia na mchawi kweli ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Huo sio utunzi, huo ni uchochezi.

Mla Yamini:

Mwana Ujiji umesema kitu ambacho ningependa kila anayetunga akibandike ukutani. Kwangu hakuna kisa ambacho mshukiwa ni kikongwe, wala anayenyoosha kidole hapatii kamwe. Na nikitunga chenye kamchape, wachezaji watakuwa ndio waliomwita, wamechanga pesa, wamemlaza kwao. Siri zao tatu zote zinahusu sababu ya kumwita. Hapo sahani katikati itajaa vingine.

Kuhusu usalama, naandika hapa kwa sababu wawili wameniuliza. Siri ni za mhusika, marufuku kuleta yako ya kweli, na nikihisi mtu kaleta yake namkatisha nampa kazi nyingine kwenye kisa, aende kuteka maji, aende dukani. Mezani kuna kadi yenye alama ya X, hii imetoka kwa wachezaji wa Marekani, ukiigusa tunaruka hapo bila swali. Mlevi hachezi. Waliogombana juzi hawakai gemu moja, hata kama wamesameheana, hasa kama wamesameheana.

Bint Chake:

Haya hapo sawa. Mkicheza kile cha papai mniambie, ila mimi nakaa wa kwanza kwenye msururu.

Mtu wa Ganze:

Wa kwanza ndio pabaya dada, wenzio wote wanakutazama koo.

Mla Yamini:

Jumamosi ijayo saa mbili usiku, nafasi zimebaki mbili. Njooni na kalamu, karatasi ninazo, na simu zinabaki chumba cha pili. Papai nimeshamwagiza mtu sokoni.